Tuuze nyumba ya Leicester, tukazeekee Tanga?

"Nina miaka 63, nimekuwa muuguzi katika NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, tangu mwaka 2002, na tunaishi Leicester. Mume wangu ana miaka 68, ameshastaafu, ana kisukari na shinikizo la damu, na karibuni daktari amesema figo zake zianze kufuatiliwa. Mimi nilichukua uraia wa Uingereza mwaka 2009. Yeye alikataa, bado ana pasipoti ya Tanzania na kibali cha ukaazi wa kudumu. Tumejenga nyumba Tanga, imeshaezekwa, bado milango na umaliziaji. Kiwanja kimeandikwa jina la mdogo wangu aliyesimamia ujenzi. Mume wangu anataka tuuze nyumba ya hapa na tuondoke moja kwa moja mwakani. Anasema pensheni zitatufuata na kuongezwa kila mwaka kama kawaida, na tukiugua sana tutapanda ndege tuje kutibiwa, kwa kuwa tumechangia miaka yote hii. Watoto wetu wawili na wajukuu watatu wako hapa. Nikifikiria kuzeekea kwenye baridi hii, pengine katika nyumba ya wazee, roho hainipi. Nikifikiria kuwaacha wajukuu, roho hainipi vilevile. Tufanyeje?"

Dada yangu, mashaka yako yana msingi, na shauku ya mumeo ina msingi pia. Mtu aliyemaliza maisha yake ya kazi katika nchi ya baridi ana haki ya kutaka kuzeekea mahali ambapo adhana inamfikia akiwa barazani kwake na jirani anapita kumjulia hali bila kupiga simu kwanza. Sitawaambia mbaki wala mwondoke, ingawa nitasema wazi ningeelekea wapi kama ningekuwa katika nafasi yenu. Ninachotaka ukione kwanza ni kwamba mpango wa mumeo unatanguliza yale yasiyoweza kurudishwa nyuma, yaani kuuza nyumba na kuhama moja kwa moja, huku yale yanayoweza kujaribiwa na kurekebishwa yakiachwa yajitatue yenyewe baadaye. Mpango huohuo ukipangwa upya kuanzia mwisho kwenda mwanzo unaweza kuwa mpango mzuri kabisa. Lakini kabla ya hapo kuna mambo mawili anayoyaamini ambayo si kweli, nayo ndiyo yaliyobeba uamuzi wake wote.

La kwanza ni kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza itaongezwa kila mwaka mkiwa Tanga. Haitaongezwa. Pensheni hiyo hulipwa popote duniani, hilo ni kweli, ila nyongeza ya kila Aprili hutolewa tu kwa wastaafu wanaoishi Uingereza yenyewe, nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake chache, na nchi zilizo na mkataba wa hifadhi ya jamii na Uingereza unaohusu jambo hilo. Marekani imo, Ufilipino imo, Jamaika imo. Kwa Afrika nzima, iliyomo ni Morisi peke yake. Tanzania haimo, Kenya haimo, Afrika Kusini haimo. Mstaafu mmoja aliyehamia Afrika Kusini alilifikisha jambo hili hadi Baraza Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu pamoja na wenzake kadhaa, na mwaka 2010 walishindwa. Kwa hiyo msihesabu kwamba mahakama itawaokoa. Ni serikali tu inayoweza kubadilisha utaratibu huu, na serikali za vyama vyote zimekuwa zikiukwepa kwa sababu ya gharama.

Kuganda huko kwa pensheni, yaani kubaki palepale bila kuongezwa, hakuumizi mwaka wa kwanza, na ndiyo maana wengi wanaokuja likizo wakitoka nyumbani watawaambia maisha ni mazuri na pensheni inatosha. Tazama namna kunavyofanya kazi. Aliyehamia Tanzania mwaka 2005 akiwa na pensheni kamili ya msingi ya wakati ule, paundi 82.05 kwa wiki, analipwa paundi 82.05 hadi leo. Mwenzake aliyestaafu siku hiyohiyo akabaki Leicester alikuwa akipata paundi 176.45 katika mwaka wa fedha 2025/26. Huhitaji hata kwenda mbali kiasi hicho: pensheni mpya ilipoanza mwaka 2016 kiwango kamili kilikuwa paundi 155.65 kwa wiki, na mwaka 2025/26 kilikuwa 230.25, tofauti ambayo kwa mwaka inakaribia paundi 3,900. Mtu huondoka akiwa na nguvu, anajitosheleza na hata kusaidia ndugu. Kisha anafika miaka themanini na kitu, wakati anapohitaji msaidizi wa kumwogesha, dawa za kila siku na gari la kumpeleka hospitali, akiwa na kipato kilekile alichoondoka nacho. Wapo wanaojibu kwamba paundi hupanda dhidi ya shilingi, hivyo hasara inajifidia. Kuna miaka imepanda na kuna miaka imeshuka, na bei za Tanga nazo hazikai zikiisubiri paundi. Sipendi kuona uzee wa mtu umewekewa dhamana ya kiwango cha kubadilisha fedha.

Kwenu ninyi kuganda hakuanzi siku moja. Mumeo tayari anapokea pensheni, kwa hiyo kiwango chake kitaganda pale atakapohama. Wewe, kwa kuwa umezaliwa baada ya Machi 1961, utaanza kulipwa ukitimiza miaka 67. Hata ukihama kabla ya hapo, utaanza na kiwango cha siku hiyo ya kutimiza, na kuganda kutaanzia hapo. Mkirudi kuishi Uingereza siku za usoni, mtapandishwa hadi kiwango cha wakati huo, na hata mkija kutembea mnaweza kudai tofauti kwa muda wa matembezi. Hiki ni kipengele ambacho wengi hawakijui.

Kwa upande wako kuna habari njema ambayo mumeo ameichanganya na hii. Pensheni yako ya kazini ya NHS haigandi. Huongezwa kwa kufuata mfumuko wa bei popote unapoishi: Aprili 2023 iliongezwa kwa asilimia 10.1, na nyongeza hiyo ililipwa Tanga sawa na Leicester. Kwa kuwa uliingia kazini mwaka 2002, sehemu yako ya mpango wa zamani wa 1995 ilikuwa tayari kuchukuliwa bila kupunguzwa ulipotimiza miaka 60, pamoja na mkupuo wake wa mara tatu ya pensheni ya mwaka. Sehemu ya mpango wa 2015 inafuata umri wa pensheni ya serikali, kwako 67, na ukiichukua mapema hupunguzwa kwa maisha yako yote. Tangu Oktoba 2023 mnaruhusiwa kustaafu kwa sehemu: unapunguza mshahara unaohesabiwa kwa pensheni kwa angalau asilimia 10, unachukua sehemu ya pensheni, na unaendelea na kazi. Ukiniuliza ni kipi kingenifaa zaidi kati ya vyote vilivyomo katika barua hii, ningetaja hicho, kwa sababu kinakupa fedha za kumaliza nyumba bila kukulazimisha kuifunga kazi.

Usijipigie hesabu ya pensheni ya serikali kwa kugawa miaka yako kwa 35, idadi ya miaka ya pensheni kamili. Wafanyakazi wa NHS walikuwa nje ya sehemu ya mfumo wa serikali hadi Aprili 2016, nalo linaweza kupunguza kiasi chako cha kuanzia. Omba makadirio rasmi kutoka idara ya pensheni, kisha angalia miaka gani ina mapengo. Kwa viwango vya 2025/26, kila mwaka kamili ulioongezwa ulileta takribani paundi 6.58 kwa wiki, yaani kama paundi 342 kwa mwaka, wakati kununua mwaka uliokosekana kwa mchango wa hiari kuligharimu karibu paundi 923. Hata kwa pensheni itakayoganda, fedha hizo zinarudi katika muda usiofika miaka mitatu. Unaweza kulipia mapengo ya miaka sita iliyopita tu, kwa hiyo lifanye hili ukiwa bado hapa na kumbukumbu zako ziko mkononi.

Jambo moja dogo kuhusu malipo, kwa sababu nimeona likiwatesa watu. Idara ya pensheni huwatumia wastaafu wa nje fomu ya kuthibitisha kuwa wangali hai, inayotakiwa kusainiwa na shahidi wa aina iliyoelezwa humo na kurudishwa ndani ya wiki 16, la sivyo malipo husimamishwa. Fomu inasafiri kwa posta. Inafika katika sanduku la posta la binamu, ufunguo anao kijana wa dukani, naye kijana amekwenda Muheza msibani; na bahasha ya kahawia inakaa humo ikisubiri huku mzee akishangaa kwa nini benki hakuna kitu. Fungueni sanduku lenu wenyewe, kwa majina yenu, na muulize benki yenu ya hapa mapema kama itawaruhusu kuendelea na akaunti mkiwa na anwani ya nje, kwa sababu baadhi yao hufunga.

Sasa jambo la pili analoliamini mumeo: kwamba miaka ya kuchangia imewanunulia matibabu ya NHS kwa maisha yenu yote. Wewe uliyefanya kazi wodini huenda umeshawaona wagonjwa wakiulizwa maswali haya na ofisi ya wageni. Haki ya kutibiwa bure hospitalini haitokani na michango, wala na pasipoti. Inatokana na kuwa mkazi wa kawaida wa nchi, yaani unaishi hapa kihalali, kwa hiari, na kwa nia ya kutulia kwa wakati huo. Ukihamia Tanga kwa kudumu kisha ukaja kwa wiki sita ili upasuliwe, wewe ni mgeni, na hospitali za Uingereza kwa kanuni za jumla humtoza mgeni wa aina hiyo asilimia 150 ya gharama. Kumwona daktari wa zahanati ni bure, na huduma ya dharura pale mlangoni ni bure, lakini ukilazwa bure inaishia hapo. Ukirudi kwa nia ya kweli ya kuishi tena, haki yako wewe raia inarudi mara tu unapotulia. Hakuna miezi ya kungojea. Hata hivyo lazima iwe kuhama kweli, kwa ushahidi wa nyumba na maisha, wala si tiketi ya kwenda na kurudi.

Kwa mumeo jambo hili lina makali zaidi, kwa sababu yeye si raia. Kibali chake cha ukaazi wa kudumu hufa akikaa nje ya Uingereza mfululizo kwa zaidi ya miaka miwili. Baada ya hapo itambidi aombe viza maalumu ya mkazi anayerejea, na kuonyesha kwamba uhusiano wake na nchi hii bado ni imara. Akikataliwa, njia inayobaki ni viza ya mwenzi wa ndoa, ambayo kwa sasa kwa kawaida humtaka mdhamini, yaani wewe, kuwa na kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka. Muuguzi mstaafu hafiki huko kirahisi. Wala asidhani kwamba kuja wiki mbili kila baada ya miezi ishirini kunamlinda moja kwa moja. Ofisa wa mpakani anaweza kuuliza kama kweli anarudi kuishi au anakuja kukihuisha kibali. Mtu mwenye figo zinazofuatiliwa asiupoteze mlango huu kwa kutojua siku zilivyohesabiwa.

Njia ya kuufunga mjadala huo ni yeye kuchukua uraia wa Uingereza kabla ya kuondoka. Lakini hapo tunaingia upande wa pili wa mizani, na ni upande ambao watu wa Kenya hawana taabu nao, kwa sababu Katiba yao ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kushika uraia wa pili. Tanzania bado hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Wewe ulipoapa mwaka 2009 uliacha kuwa Mtanzania kisheria, hata kama pasipoti ya zamani ipo kabatini. Tafadhali usiitumie kusafiria, maana kufanya hivyo ni kosa. Mumeo naye akiapa, nyumba nzima itakuwa ya wageni mbele ya sheria za nyumbani. Ninavyoona mimi, kugawanyika kwenu huku, mmoja raia wa huku na mmoja raia wa kule, ndiyo mali kubwa mliyonayo baada ya nyumba ya Leicester. Wewe unashika mlango wa huku, yeye anashika mlango wa kule. Msiivunje hali hiyo kwa pupa ya upande wowote.

Wewe utakaaje Tanga? Si kwa viza ya matembezi ya siku 90 inayorudiwarudiwa. Wastaafu wa kigeni hupewa kibali cha ukaazi cha daraja C, na mke wa Mtanzania ana njia yake pia. Isitoshe, mwaka 2025 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili kuwapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania wenye uraia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia. Wala usichukulie kwamba inakurudishia kila kitu ulichokuwa nacho kabla ya 2009, hasa katika ardhi. Ulizia masharti yake ya sasa ubalozini London au katika ofisi ya Uhamiaji, kwa maandishi, na wala si kwa kusikia kwa waliopita.

Nimefika kwenye kiwanja, na hapa naomba univumilie kwa sababu nitakuwa mkali. Kati ya yote uliyoyaandika, maneno yaliyonishtua si figo wala pensheni; ni "jina la mdogo wangu". Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaotambuliwa, kwa hiyo naelewa kwa nini mlifanya hivyo. Lakini mbele ya msajili wa hati, nyumba mliyoijenga kwa zamu zako za usiku ni ya mdogo wako. Simtuhumu. Nasema akifariki, mirathi itafunguliwa na mkewe na watoto wake watakuwa na haki ya kuihesabu. Akikopa, benki itaiona kama dhamana yake. Akitalikiana, italetwa mezani. Ndugu mwema hawezi kuzuia yoyote kati ya hayo kwa wema wake tu. Mumeo ni Mtanzania, hivyo sheria haimzuii kuandikwa kwenye hati. Fanyeni upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi kuona kama kuna rehani au zuio, kisha uhamisho uende kwa mumeo, pamoja na kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu vitakavyodaiwa. Nawe kama mke una ulinzi wako: Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hadi hati iwe mikononi mwenu, msiuze hata tofali moja la Leicester.

Baada ya kuipiga rangi nyeusi safari ya nyumbani, ni lazima niwe mkweli kuhusu kubaki, maana wengi hudhani kubaki ni kutofanya lolote. Kubaki nako ni uamuzi wenye bei. Matunzo ya uzeeni Uingereza si sehemu ya NHS. Kwa upande wa England, mwenye akiba na mali zaidi ya paundi 23,250 hujilipia mwenyewe nyumba ya wazee, na nyumba yake huhesabiwa humo, isipokuwa pale mwenzi wake anapoendelea kuishi ndani yake. Nyumba ya Leicester mnayoiona kama urithi wa watoto inaweza kuliwa na miaka michache ya ada hizo. Upande mwingine, anayebaki anapata vitu asivyopata aliyehama: posho ya matunzo (mwaka 2025/26 ilikuwa kuanzia paundi 73.90 hadi 110.40 kwa wiki) kwa mzee anayehitaji kusaidiwa, nyongeza ya kipato kwa mwenye pensheni ndogo, usafiri wa basi bila nauli. Haya yote hukoma mtu akihamia Tanzania. Na upweke wa Januari unaujua kuliko mimi, uliwahudumia wenye nao.

Tanga nako kuna kitu ambacho hesabu haikioni vizuri: mikono ya watu. Kwa kiasi kisichotosha wiki moja ya nyumba ya wazee hapa, mnaweza kumlipa msaidizi wa nyumbani kwa mwezi, na bado kuna wapwa, majirani na msikiti. Matunzo ya kila siku mtayapata kwa heshima zaidi kuliko hapa. Kinachokosekana ni kile kinachohitaji mashine na bingwa kwa ghafla. Hospitali ya Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa na inafanya kazi kubwa, lakini kwa moyo mtaelekezwa Taasisi ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Bima nayo muiulize kabla ya kuwa na haja nayo, kwa kuwa bima za binafsi nyingi huweka ukomo wa umri kwa mwanachama mpya, au huacha nje maradhi aliyoingia nayo. Mtu wa miaka 68 mwenye kisukari yuko katika makundi yote mawili.

Kwa hiyo figo za mumeo ndizo zinazopaswa kuongoza ratiba, kuliko hamu yake na kuliko hofu yako. Muombe daktari aeleze mwelekeo kwa vipimo vya miaka michache iliyopita. Figo zilizopungua kidogo na kutulia zinaweza kuangaliwa Tanga kwa vipimo vya kawaida na nidhamu ya dawa. Figo zinazoshuka mwaka hadi mwaka zinaelekea kwenye kusafishwa damu, kazi ya takribani saa nne, mara tatu kwa wiki, bila kuruka. Mtu wa hali hiyo ningemwambia abaki karibu na huduma isiyomtoza, hata kama moyo wake uko Raskazone kule Tanga.

Utasikia wengi wakisifu mpango wa miezi sita huku, sita kule. Si mbaya, na hakuna sheria inayosema miezi sita ndiyo mpaka. Mtu anaweza hata kuhesabiwa mkazi wa kawaida wa nchi mbili kwa wakati mmoja, na aliye safarini tu hapotezi nyongeza ya pensheni. Lakini ni mpango wa watu wenye afya. Unadai nyumba mbili, tiketi mbili kila mwaka, bima ya safari inayopanda kwa umri, na unakwisha siku mmoja wenu atakaposhindwa kukaa kwenye kiti cha ndege kwa saa nyingi. Uchukulieni kama daraja la miaka mitano hadi kumi, na mjue mapema mtatelemkia upande gani.

Ningekuwa ninyi, mwakani nisingehama. Ningestaafu kwa sehemu, nikamaliza suala la hati na umaliziaji wa nyumba, kisha ningekwenda kukaa Tanga kwa miezi kumi hivi nikiwa nimeipangisha nyumba ya Leicester. Kukaa huko kuwe kwa kweli: kupite masika, kupite mwezi wa Ramadhani, kupite angalau ziara kadhaa za kliniki ya kisukari, na mtumie kipato cha pensheni peke yake bila kuchota akiba. Msiende kama wageni wa harusi. Mtajua ni ndugu wangapi wanakuja kuwaona na wangapi wanakuja na karatasi za ada ya shule, na mtajifunza kusema hapana mkiwa bado na pa kurudi. Mkiipangisha nyumba mkiwa nje kwa miezi sita au zaidi, wakala hutakiwa kukata kodi ya asilimia 20 kwenye pango msipoomba kwanza kibali cha kulipwa bila makato. Fomu ni rahisi, ijazeni kabla ya kuondoka. Kodi ya urithi ya Uingereza nayo itaendelea kuwafuata hadi miaka kumi baada ya kuhama, kwa utaratibu ulioanza Aprili 2025, lakini kwa mali zilizo chini ya kiwango cha msamaha, paundi 325,000 kwa kila mmoja, halitawasumbua.

Kuna swali moja ambalo wanandoa hulikwepa, nami nawaomba mkae nalo jioni moja televisheni ikiwa imezimwa: mmoja wetu akitangulia, anayebaki angependa kuwa wapi? Mara nyingi majibu hutofautiana. Mume husema Tanga, kwa watu wake. Mke husema kwa binti yake. Kama jibu lako ni Leicester karibu na wajukuu, basi nyumba ya Leicester isiuzwe mkiwa wawili. Ipunguzwe tu, mkanunue ndogo zaidi, na tofauti iwe fedha ya Tanga. Waulizeni watoto pia, lakini waulizeni kwa uwazi wanachoweza kufanya wala si wanachotamani. Mtoto anayesema "tutakuja kila mwaka" ana nia njema, na ana watoto watatu wa kuwakatia tiketi likizo ya Agosti.

Mimi naweza kukueleza kanuni, siwezi kusoma mafaili yenu. Suala la kibali cha mumeo lipelekeni kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kisheria Uingereza, si kwa rafiki anayejua kujaza fomu. Masuala ya kodi ya nchi mbili yanahitaji mhasibu anayezijua zote mbili. Makadirio ya pensheni ya NHS utayapata bila malipo kutoka mpango wenyewe, nayo yatakuonyesha pensheni yako kwa tarehe mbalimbali za kustaafu. Na la kiwanja lisisubiri mwakani: tafuteni wakili mwenye leseni aliyeko Tanga, asiyekuwa wakili wa mdogo wako. Mkienda kwake mchukue nakala ya hati au barua ya toleo, risiti za fedha zote mlizotuma kwa ujenzi, cheti cha ndoa na pasipoti ya mumeo. Kisha mzungumzeni na mdogo wako kabla wakili hajamwandikia barua, ili alisikie kwanza kutoka kwenu.